Mwisho wa wimbo bado tunaudai

Barua ya wazi kwa wanaosimamia ukumbi wa mji, vibali vya muziki na utulivu wa usiku

YAH: KUOMBA USIKU WA KUDUMU WA ROKI YA ZILIPENDWA

Waheshimiwa,

Mliokuwapo usiku ule mnakumbuka. Ambao hamkuwapo, naomba niwasimulie kwanza, maana nadhani habari iliyowafikia ni ya malalamiko tu.

Jukwaani walikuwa wanne: gitaa, besi, kinanda na dramu. Mwenye gitaa ni mtu wetu. Wengi wetu tunamfahamu kwa kazi yake ya mchana ya kutengeneza redio, na wengine walishika gitaa kwa mara ya kwanza kwenye mapaja yao wakiwa wamekaa mlangoni kwake. Nywele zimeanza kuwa nyeupe. Hana wacheza shoo wala mavazi ya kumetameta. Alipanda akiwa na shati alilovaa asubuhi, akachomeka waya, akatugeuzia mgongo dakika nzima akihangaika na kibonyezo cha mguuni kilichogoma. Watu wakacheka. Naye akacheka. Kisha akapiga noti ya kwanza na kicheko kikakatika.

Walipiga nyimbo kumi na moja, zote za miaka ya 60 na 70, zote tunazijua. Wa kumi na mbili ndio uliokuwa wa kufungia. Walikuwa wamefika sehemu ambayo waimbaji wanaacha na gitaa linabaki kusema peke yake, pale ambapo hata waliokuwa wamesimama nje walisogea ndani, ndipo saa nne na dakika tatu mmoja wenu aliposhusha swichi kuu.

Taa za jukwaa zikafa, spika zikafa, kinanda kikafa katikati ya kidole. Gitaa la umeme likikatiwa umeme ni ubao wenye nyuzi sita. Lilibaki linalia kama mbu. Ila dramu hazina waya. Mpiga dramu hakuacha. Aliendelea gizani mizunguko minane, nilihesabu, na ukumbi mzima ukaimba kiitikio juu ya dramu tupu. Baadaye naye aliona aibu, akaweka vijiti chini, tukatoka nje tukitafutana kwa mwanga wa simu.

Sikukaa kuandika ili niwatukane. Kibali kilisema saa nne, na sisi tulivuka kwa dakika tatu. Sheria ni sheria, na jirani anayelala mapema ana haki sawa na ya kwangu mimi ninayependa gitaa. Lakini kibali hicho hicho kilisema onyesho lianze saa moja na nusu. Mlango wa ukumbi ulifunguliwa saa mbili kasoro kumi kwa sababu funguo zilikuwa na mtu aliyekuwa kwenye kikao. Zikafuata hotuba tatu, zote ndefu, zote zikimsifu mwanamuziki ambaye wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya pazia ameshika gitaa lake akisubiri hotuba ziishe. Bendi ilipewa nafasi saa mbili na dakika arobaini. Kwa hiyo muda uliopotea haukupotezwa na muziki, ila muziki ndio uliokatwa.

Na kilichokatwa ni kitu ambacho hakipatikani kwenye sahani ya santuri, wala kwenye simu, wala kwenye redio. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo ilipo barua yenyewe.

Sikilizeni tena roki ya zamani mliyo nayo nyumbani. Nyingi ya nyimbo zile hazina mwisho. Zikifika dakika ya tatu au ya nne kiitikio kinaanza kurudiwa, na fundi wa studio anashusha sauti polepole hadi kimya. Bendi haijaacha kupiga. Ni sisi tuliosindikizwa hadi mlangoni. Miaka hamsini tumekuwa tukisindikizwa hivyo. Jukwaani hakuna mkono huo. Bendi inayoupiga wimbo wa namna hiyo mbele ya watu inalazimika kuutafutia mlango wa kutokea, na mlango huo hauwezi kuigwa kwa mwenye wimbo, kwa sababu kwenye sahani yake haupo. Unatungwa na anayepiga.

Mtu wetu ni bingwa wa milango hiyo. Wimbo uliokatwa nimemsikia akiupiga mara tano, na mara zote tano alitokea kwingine. Mara moja alishusha sauti hadi besi ikabaki na noti mbili tu na dramu zikapigwa kwa ukingo, ukumbi ukawa kimya kiasi cha kusikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, halafu akamtazama mpiga dramu, akainua shingo ya gitaa, wote wanne wakashuka pamoja kwenye pigo moja. Kuna mama aliyekuwa pembeni yangu aliyeruka kama aliyemwagiwa maji. Mara nyingine alirudia kiitikio kwa mwendo wa taratibu sana, nusu ya kasi, kikageuka kuwa wimbo wa majonzi ambao sikujua kuwa umo ndani ya ule wa furaha. Hiyo ndiyo sehemu tunayoifuata. Dakika za mwanzo tunazijua sote, hata watoto wanaziimba. Tunakuja kuona safari hii atatoka vipi.

Tulioketi pale hatukupoteza dakika tatu za kelele, waheshimiwa. Tulipoteza mlango wa sita.

Najua mmoja wenu amesema, na si mara moja, kwamba hizo ni nyimbo za watu, huyu anakopi tu. Ni kweli anakopi. Albamu ya kwanza ya bendi ya Beatles ya Uingereza, ya mwaka 1963, ina nyimbo 14, na sita kati ya hizo zilitungwa na watu wengine. Wenzao Rolling Stones walipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza kwa jina hilo, Julai 1962 kwenye klabu ya Marquee jijini London, walikuwa wakipiga blues za Wamarekani weusi. Hata jina lenyewe walilichota kwenye wimbo wa Muddy Waters, mwimbaji wa blues wa Marekani. Roki yote imejengwa juu ya mtu kuchukua wimbo wa mwenzake na kuupiga hadi uanze kutoa sauti yake mwenyewe.

Na kwa mwingine aliyesema kwamba muziki huu ni wa wageni na haufai kutumia ukumbi wa umma: mwimbaji aliyeuteka uwanja wa Wembley kwa dakika kama ishirini tu siku ya tamasha la hisani la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, hadi leo watu wanaonyeshana video yake, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 akaitwa Farrokh Bulsara. Huyo ndiye Freddie Mercury wa bendi ya Queen, naye alikuwa na kwao kama kila mtu. Sitasema zaidi, maana hoja ya ugeni haijawahi kuzuia spika za matangazo ya biashara kupiga muziki wa kigeni mchana kutwa, na pale hamjawahi kushusha swichi.

Ninachoomba ni usiku mmoja wa kudumu. Siombi tamasha, wala jukwaa kubwa la mara moja kwa mwaka lenye mabango na wageni wa heshima. Usiku mmoja kila mwezi, siku ile ile, ukumbi ule ule, mlango ufunguliwe saa kumi na mbili jioni, muziki uanze saa moja, uishe saa nne kamili na mwisho wake ukiwa ndani.

Kwa nini wa kudumu? Kwa sababu muziki huu ulikua hivyo, na sijui njia nyingine unavyoweza kukua. Beatles walipiga kwenye klabu ya Cavern, Liverpool, karibu mara 300 kati ya mwaka 1961 na 1963. Cavern ilikuwa pango la matofali chini ya ghala, joto, kuta zinatoka jasho, na walikuwa vijana wa mji huo huo wakipigia watu wa mji huo huo, wengine wakiwa katika mapumziko ya mchana ya kazi. Kabla na katikati ya hapo walikwenda Hamburg, Ujerumani, kupiga saa nyingi kila usiku kwenye klabu za mtaani mbele ya watu ambao wangeweza kuwatupia chupa. Doors, bendi ya Marekani, walikuwa bendi ya kudumu ya klabu ya Whisky a Go Go, Los Angeles, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1966, wakipasha moto jukwaa kwa ajili ya wengine. Nyimbo zao ndefu zilirefukia mle, kwa sababu walikuwa na usiku mwingi wa kujaza na nyimbo chache. Hakuna aliyewapangia wawe wakubwa. Walipewa tu mahali pa kurudi kesho.

Mtu wetu hana mahali pa kurudi kesho. Huitwa anapohitajika kujaza pengo kabla ya msanii mgeni kufika, au kwenye sherehe, ambako huambiwa apige taratibu ili watu wasikilizane. Kila anapoitwa, bendi inaanza upya: mpiga kinanda amepata kazi kwingine, besi imeuzwa, mitambo haijulikani. Miezi minane ilipita kati ya onyesho lile na lililotangulia. Bendi isiyopiga miezi minane inapanda jukwaani na woga, na woga unasikika. Nyimbo mbili za kwanza usiku ule zilikimbia, dramu zikiwa mbele ya besi kama mtu anayevuta mbuzi. Wa tatu ndio uliotulia. Fikirini wangekuwa wamepiga mwezi uliopita.

Halafu kuna watoto. Onyesho linaloanza saa mbili na dakika arobaini usiku haliwaoni wengi wao. Saa moja jioni wanaweza kuja, wakae mbele, waone kwamba sauti wanayoisikia inatoka kwenye kidole. Kijana mmoja usiku ule, hajafikisha miaka kumi na mitano, alisimama mstari wa mbele onyesho zima hajacheza hata kidogo. Alikuwa anatazama mkono wa kushoto. Najua anachofanya mtu anayetazama mkono wa kushoto wa mpiga gitaa. Huyo anakwenda nyumbani kutafuta.

Sasa tuje kwenye kelele, maana naona ndipo mnapoishikia hoja yenu, na sina nia ya kuikwepa.

Usiku ule hakukuwa na kipimo. Hakuna aliyepima sauti ndani wala nje. Aliyeshusha swichi alipima kwa saa ya mkononi. Naelewa, saa ni rahisi. Lakini malalamiko yaliyokuja, kwa mlivyotueleza wenyewe, hayakuwa ya saa. Yalikuwa ya sauti, na yalianza saa tatu. Basi tuzungumze sauti.

Sauti hupimwa kwa dezibeli, na hesabu yake si ya kawaida. Dezibeli 10 zikiongezeka, sikio husikia kama sauti imekuwa kubwa maradufu. Pale palipo wazi, umbali kutoka kwenye spika ukizidi mara mbili, kiwango hushuka kwa dezibeli 6 hivi: kama mita 10 mbele ya spika kipimo kinasoma 94, mita 20 kitasoma 88, mita 40 kitasoma 82, mita 80 kitasoma 76. Ukuta ukiwa katikati hushuka zaidi. Kwa hiyo mahali pa kupimia pana maana. Atakayepima karibu na jukwaa atasema tunaua watu. Apime pia kwenye dirisha la aliyelalamika, ndipo tutajua kama ana haki ya kulalamika, na mara nyingine atakuwa nayo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 viwango vyake kwa kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi dezibeli 100 katika dakika 15, mtu awe anaupima muda wote wa onyesho, vizibo vya masikio vipatikane, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio. Hayo yote yanawezekana kwenye ukumbi wetu bila kubomoa kitu. Mimi nayaunga mkono kwa moyo mmoja, tena nikiwa shabiki. Pete Townshend, mpiga gitaa wa bendi ya The Who, amezungumza miaka mingi juu ya masikio yake yaliyoharibika, na Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, ilimbidi aache ziara mwaka 2016 baada ya madaktari kumwonya kwamba anaweza kuwa kiziwi kabisa. Anayependa roki na akataka kuendelea kuisikia akiwa mzee hana sababu ya kugombana na kipimo.

Ila jueni kinachovuka ukuta. Si gitaa. Sauti nyembamba ina wimbi fupi. Ile ya mitetemo 1,000 kwa sekunde ina urefu wa sentimita 34 tu, na pazia, mlango, hata miili ya watu waliojaa ukumbini huimeza. Ile nzito ya besi na dramu kubwa ya mguu, ya mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita saba. Wimbi la ukubwa huo halijali pazia. Linapita ukutani, linapita sakafuni, linafika kwa jirani likiwa peke yake bila wimbo, du, du, du, na mimi pia ningelalamika. Dawa yake inajulikana na fundi mitambo yeyote anayeijua kazi yake: spika za besi zisikae chini moja kwa moja wala kubanwa kwenye pembe ya kuta, mlango wa nyuma ufungwe, na ile sauti nzito ipunguzwe kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kabla ya kitu kingine chochote. Usiku ule mlango wa nyuma ulikuwa wazi onyesho zima kwa sababu bawaba imekatika. Imekatika tangu mwaka jana.

Hapo niseme neno moja la kiufundi zaidi, mnisamehe. Watu huona amplifaya kubwa jukwaani wakadhani hiyo ndiyo kelele. Zile kubwa za wati 100 zilizaliwa London katikati ya miaka ya 60, Jim Marshall alipokuwa akiwatengenezea akina Townshend waliotaka sauti zaidi, na zilihitajika kwa sababu mitambo ya kumbi za wakati ule ilikuwa dhaifu: gitaa lililazimika kujisukuma lenyewe hadi safu ya nyuma. Siku hizi ukumbi ukiwa na mitambo mizuri, amplifaya ndogo ya wati 15 inatosha. Maiki inawekwa mbele yake na spika za ukumbi zinafanya kazi iliyobaki. Tena kupunguza kutoka wati 100 hadi 50 hakukati kelele nusu, kunashusha dezibeli 3 tu. Mtu wetu anayo ndogo ya valvu, ya zamani, ambayo huiwasha na kuisubiri hadi vile vichupa vya kioo viwe na wekundu wa kaa. Ukiisukuma kidogo kupita uwezo wake, vilele vya wimbi la sauti vinakatwa, na pale vilipokatwa huzaliwa ule mkwaruzo ambao bila huo roki si roki. Huo mkwaruzo ulianza kama ubovu. Mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa bendi ya Kinks, alichana spika ya amplifaya yake kwa wembe ili aupate. Leo unaupata kwa sauti ya chini ukiwa na kifaa kinachofaa, na ukumbi wenye mitambo yake. Wetu hauna; usiku ule walikodi, na mitambo ya kukodi ilikuja na fundi aliyekuwa anaangalia mpira kwenye simu.

Kuhusu kuzima. Si ninyi wa kwanza. Januari 30, 1969, Beatles walipanda juu ya paa la ofisi yao, nambari 3 Savile Row, London, wakapiga kama dakika 42 hadi polisi walipopanda kwa sababu ya malalamiko ya kelele. Ikawa mara ya mwisho wao kupiga pamoja hadharani. Julai 14, 2012, kwenye bustani ya Hyde Park, London, mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alikuwa amemwita Paul McCartney wa Beatles jukwaani, wamepita saa nne na nusu iliyokuwa kikomo cha kibali, na maiki zao zikazimwa wakati wanataka kuwaaga watu. Tofauti ni kwamba polisi wa mwaka 1969 walipanda ngazi, wakabisha, wakasema. Hata Hyde Park walizima sauti, si taa. Mliozima kwetu mlizima taa pamoja na sauti, na watu mia na zaidi wakatafuta mlango mmoja gizani, pamoja na watoto wachache waliokuwa wameruhusiwa kukesha. Hilo silisemi kwa hasira ya muziki. Hilo ni hatari, na mngekuwa na la kujibu kama mtu angeanguka.

Kwa hiyo kabla ya saa nne, dakika kumi na tano hivi, mtu wenu apande pembeni ya jukwaa aonyeshe vidole. Mpiga gitaa anayeongoza bendi anajua kufupisha; anaruka ubeti, anaingia kwenye mlango wake, anamaliza. Amefanya hivyo maisha yake yote. Hakuna mtu mwenye nidhamu ya muda kuliko mwanamuziki anayepiga na wenzake watatu.

Malipo nitayasema kwa ufupi kwa sababu yananitia aibu kuliko yanavyonikera. Usiku ule hakulipwa. Aliambiwa ametangazwa. Watu wa mji huu wanamjua tangu wakiwa watoto. Mlimtangaza kwa nani? Kutoa ni moyo, sawa, lakini nyuzi za gitaa haziuzwi kwa moyo, na mpiga dramu alikodi gari kuleta dramu zake. Wekeni kiasi kinachojulikana mapema, hata kikiwa kidogo, kilipwe usiku huo huo, na kama kuna kiingilio sehemu yake iende jukwaani.

Na suala la haki za watunzi, ambalo mlimwandikia yeye barua. Kupiga wimbo wa mtu hadharani kunahitaji leseni, ndiyo, na ni haki. Lakini katika nchi nyingi leseni hiyo hukatwa na mwenye ukumbi au mwandaaji, kwa sababu ndiye anayenufaika na watu kuingia. Jambo hili lina umri. Mwaka 1847 mtunzi Ernest Bourget alikaa kwenye mkahawa mmoja jijini Paris, akasikia wimbo wake ukipigwa, akakataa kulipia kinywaji chake: ninyi mnatumia kazi yangu bure, nami nimetumia yenu. Kesi ilikwenda mahakamani, akashinda, na kufikia mwaka 1851 Ufaransa ilikuwa na chama cha kukusanya haki za watunzi, ambacho kipo hadi leo. Tazameni nani aliyedaiwa pale. Alidaiwa mwenye mkahawa. Hakuna aliyemfuata mpiga fidla.

Ukumbi ukikata leseni moja kwa mwaka mzima, suala hilo linakwisha, na kila bendi, kwaya na shule inayotumia jukwaa lile inanufaika. Kwa nini mtu mmoja anayetengeneza redio ndiye abebe karatasi hiyo, sijaelewa.

Nimezungumza naye kabla ya kuandika. Hakuniomba niandike, kwa kweli alinitaka niache, alisema mambo haya yamemzoea. Nilimuuliza ule wimbo angeumaliza vipi kama swichi isingeshuka. Akaniambia hakuwa anajua bado, alikuwa anakaribia kujua. Alikuwa na noti moja ameishikilia, na alikuwa anamsikiliza mpiga besi aone anaelekea wapi.

Bawaba ya mlango wa nyuma naweza kuja kuifunga mwenyewe, kama nitaruhusiwa kuingia mchana. Kipimo cha dezibeli tumekubaliana wachache tuchange, tukinunue, tukikabidhi kwa ofisi yenu, na mtu wenu ndiye atakayekishika. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao ukumbi hauna shughuli; nimeangalia kwenye ubao wa matangazo. Bendi ipo tayari kufanya mazoezi wiki mbili kabla. Wimbo wa kwanza wanataka kuanzia pale pale walipokatiwa, kwenye ile noti, na wanahesabu kwamba hadi kutoka itachukua dakika nne.

Tunasubiri jibu lenu, la maandishi au la mdomo.

Wenu,
Msikilizaji wa safu ya tatu, upande wa mpiga besi